Tuna bwawa la Nyerere, sasa umeme wa Ethiopia wa kazi gani?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Arusha, ana mashine ya kusaga na friza mbili za samaki. Nalifupisha kidogo: "Tumeambiwa bwawa la Mwalimu Nyerere ni megawati 2,115 na umeme upo wa kutosha, halafu tunasikia kaskazini tutanunua umeme Ethiopia kupitia Kenya. Inakuwaje? Na hilo soko la pamoja la umeme la nchi zetu, mimi litanishushia bei ya uniti? Na lini nitachagua wa kuniuzia umeme kama ninavyochagua laini ya simu?"

Dada yangu, ni maswali matatu hayo na yote ni ya maana, ntayajibu pamoja sababu yanashikana. Mimi nimekaa kwenye gridi miaka mingi, kwanza chumba cha kuendesha mitambo, baadae upande wa kanuni na bei, kwa hiyo nakueleza kama ninavyoona kazini. Kununua umeme wa jirani wakati una wa kwako sio ujinga, mara nyingi ni akili nzuri tu. Ila kama faida itakufikia wewe kwenye mita yako ya LUKU, hilo haliamuliwi na waya, linaamuliwa na karatasi: nani anapanga bei ya kupitisha, nani analipa umeme ukikatika, na nani ana ubavu wa kuukataa mkataba mbaya. Waya tumejenga, tena kwa kasi. Karatasi ndo bado ziko nyuma, na hapo ndo nataka nikae sana.

Tuanze na bwawa. Ni kweli lipo Rufiji, mashine tisa za megawati 235 kila moja, piga hesabu unapata 2,115. Lakini wewe uko Arusha. Umeme wa Rufiji unatoka pale unaenda Chalinze kwa laini ya kilovolti 400, vizuri kabisa, tatizo linaanza ukitaka kupanda huku kaskazini. Njia mbili za zamani ni ile ya kilovolti 132 inayopita Hale, Same mpaka Moshi na Arusha, na ile ya kilovolti 220 inayozunguka Singida na Babati. Mamia ya kilomita. Sasa umeme ukisafiri unapasha waya moto, na ule moto ni umeme uliokwisha kulipiwa na umepotea porini. Chukua megawati 100: kwenye kilovolti 132 mkondo wake ni kama ampea 440, kwenye kilovolti 400 ni kama ampea 145 tu. Upotevu unafuata mkondo ukizidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo kwa waya ule ule laini ya 132 inapoteza zaidi ya mara tisa ya ile ya 400. Ndo maana Machi 2025 Rais Samia alipolisema jambo hili akiwa Kilimanjaro, hoja ya serikali ilikuwa upotevu, wakataja shilingi bilioni 32 kwa mwaka kwa kanda ya kaskazini. Ukigawa kwa ile bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi unapata kama uniti milioni 110, zimeishia kupasha hewa joto.

Na wewe unauona huo upotevu bila kujua. Ile saa mbili usiku taa inakuwa ya njano, ukiwasha mashine ya kusaga mota inaguna, inachelewa kushika kasi, ukigusa ganda lake ni moto kuliko asubuhi. Volti imeshuka, mota inavuta mkondo mwingi zaidi kufanya kazi ile ile, waya wa ndani unaungua polepole mpaka siku unaipeleka kwa fundi kufunga upya. Hiyo haiitwi kukatika umeme wala haitangazwi popote, lakini inakula hela yako.

Sasa angalia upande wa pili. Laini mpya ya Kenya na Tanzania, Isinya mpaka Singida kupitia Namanga na Arusha, ni kilovolti 400, kilomita kama 507, uwezo wake megawati 2,000, iliwashwa Desemba 2024. Kutoka Isinya mpaka Namanga ni chini ya kilomita 100, na Namanga unapajua, ni safari ya asubuhi unarudi mchana. Juu yake kuna ile kubwa zaidi, Wolayta Sodo kusini mwa Ethiopia mpaka Suswa Kenya, zaidi ya kilomita 1,000 za umeme wa moja kwa moja wa kilovolti 500, nayo uwezo megawati 2,000, imeanza biashara Novemba 2022. Umeme wa moja kwa moja, yaani ule usiobadili mwelekeo, unasafiri mbali bila kupoteza sana. Kwa hiyo kwa Arusha umeme wa kupitia Kenya unafika kwa barabara ya lami na ule wa Rufiji kwa njia za zamani unafika kwa vumbi. Hiyo laini ya 400 inayotoka Singida inasaidia hata umeme wetu wenyewe kupanda, na hilo nalo ni faida ambayo watu hawaisemi.

Ila kwangu mimi upotevu sio sababu kubwa kuliko zote. Sababu kubwa ni mvua. Rufiji inajaa kwa mvua za kati ya Novemba na Mei. Nyanda za juu za Ethiopia mvua zao kubwa ni Juni mpaka Septemba. Yaani sisi tukianza kukausha wao ndo mito inafurika, na wana mabwawa ya kutisha, Gibe III kwenye mto Omo megawati 1,870, na lile la Nile lililozinduliwa Septemba 2025, megawati 5,150, peke yake zaidi ya mara mbili ya la kwetu. Tukiwa na waya na utaratibu mzuri, sisi tunatunza maji Rufiji kipindi wao wana ya kumwaga, halafu kiangazi chao tunawarudishia. Kenya katikati ana mvuke wa ardhini wa Olkaria ambao haujali mvua wala jua, na usiku wa manane mahitaji ya Kenya yakishuka kuna mvuke unaachiwa tu hewani. Kila nchi ina wakati wake wa kutupa umeme, na kila nchi ina wakati wake wa kuulilia. Nani kati yenu hakumbuki mgao?

Wenzetu wa kusini ukame umewafunza kwa uchungu. 2024 Zambia ilikuwa na ukame mpaka ukatangazwa janga la taifa, maji ya bwawa la Kariba yakashuka, watu wakakaa giza masaa mengi kwa siku. Kilichowapunguzia maumivu kidogo ni kuweza kununua kwa majirani. Nchi inayotegemea mto mmoja inakesha inaangalia mawingu.

Lakini hapa kuna kitu nataka ukione. Watu wanadhani nchi zetu zikiunganishwa tutasaidiana ile saa moja mpaka saa tatu usiku ambayo kila mtu anapika, anaangalia taarifa ya habari na anapiga pasi. Haiko hivyo sana. Dodoma, Nairobi, Kampala na Addis saa yetu ni moja, kwa hiyo kilele chetu kinagongana. Wanaotofautiana na sisi kwa saa moja ni Rwanda, Burundi, Lubumbashi na Zambia. Faida ya saa tutaipata tukishika vizuri na kusini, laini ya Tanzania na Zambia kupitia Iringa, Mbeya, Tunduma na Sumbawanga ndo inajengwa kwa ajili hiyo, ikiisha Tanzania inakuwa daraja kati ya mfumo wa mashariki na wa kusini. Na daraja lina hela yake, ntarudi hapo.

Biashara hii sio ya jana. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa 1954, mwaka uliofuata ukasainiwa mkataba wa Uganda kuiuzia Kenya megawati 30 kwa miaka 50. Mkoa wa Kagera umekula umeme wa Uganda miaka mingi kupitia Mutukula, Sumbawanga wamekula wa Zambia, na kuna vijiji vya mpakani huko kwenu vimewashwa na Kenya. Mitambo ya maji ya Ruzizi II ni ya pamoja kati ya Congo, Rwanda na Burundi, inazalisha toka 1989. Rusumo kwenye mto Kagera, megawati 80, ni ya Tanzania, Rwanda na Burundi sawa kwa sawa, kila mmoja karibu megawati 27. Kwa hiyo kuuziana tunajua. Tusichojua bado ni kufanya soko. Kuuziana ni mimi na wewe kukaa chini tukakubaliana bei ya miaka 25. Soko ni asubuhi kila mwenye umeme wa ziada aseme bei yake ya kesho kila saa, kila mwenye shida aseme atanunua kwa ngapi, halafu bei ipatikane hadharani.

Mfano ulio karibu ni kusini. Nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, zilianzisha umoja wao wa umeme, SAPP, mwaka 1995, ofisi ya uratibu ipo Harare. 2001 wakaanza soko dogo la muda mfupi, Desemba 2009 wakaanza soko la siku moja kabla, yaani leo unanunua umeme wa kesho saa kwa saa. Funzo lao la kwanza: lile soko dogo lilidhoofika ilipofika 2007 na 2008 sababu umeme wenyewe uliisha, Afrika Kusini ikaingia kwenye mgao, ukawa na soko lenye meza safi lakini hamna kitu juu yake. Funzo la pili: hata palipokuwa na muuzaji na mnunuzi wakakubaliana bei, kuna siku nyingi mzigo haukufika kwa vile laini katikati imejaa. Pakijaa, soko linagawanyika, upande huu bei yake na upande ule bei yake. Kwa hiyo mtu akikwambia soko likifunguliwa bei itakuwa moja kutoka Addis mpaka Mbeya, usimsikilize. Bei itakuwa moja pale tu waya unapotosha.

Huku kwetu umoja wa mashariki ni EAPP, ulianzishwa 2005, makao Addis Ababa, Tanzania tuliingia 2010. Una bodi yake ya udhibiti, una kanuni za kuunganisha gridi. Na hapa ndo naanza kuwa na wasiwasi, sababu wadhibiti ni wengi na meno ni machache. EAPP iko chini ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na Tanzania tulitoka COMESA mwaka 2000. COMESA ina jumuiya yake ya wadhibiti. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina umoja wa wadhibiti wa nishati, makao yake hapo hapo Arusha kwako. SADC ina wao. EWURA, mdhibiti wetu, inaweza kuliita shirika letu la umeme TANESCO ikalihoji, EPRA, mdhibiti wa Kenya, inaweza kumwita Kenya Power, lakini mzozo ukiwa wa Ethiopia, Kenya na Tanzania kwa pamoja, anaita nani? Mpaka sasa jibu lake unalikuta ndani ya mkataba, unakuta wamekubaliana kwenda kwa wasuluhishi nchi za mbali, kesi ya miaka, mawakili wa bei mbaya, na wewe mwenye friza ya samaki hutasikia hata ilikwishaje.

Ngoja nikuoneshe kwa karibu jinsi hesabu inavyokwenda, sababu watu wengi wanadhani umeme wa Ethiopia unakuja kama lori lenye namba ya usajili. Hauji hivyo. Ethiopia anaingiza megawati 100 kule juu, Tanzania inachota megawati 100 huku chini, na katikati gridi ya Kenya inafanya kazi ya tenki. Chembe zinazowasha taa yako zinaweza kuwa za Olkaria. Kinachofanya ule umeme uwe wa Ethiopia ni ratiba na mita. Ratiba inasema kesho saa nne mpaka saa tano tutachota 100. Mita ya mpakani inasema tulichota 112. Hizo 12 ni za nani? Tulizichukua kwa Mkenya bila kumwomba, pengine saa ambayo yeye mwenyewe alikuwa amewasha mitambo ya mafuta. Akitutoza bei ya mafuta ana haki. Tukisema mita yake mbovu tutaaminiana vipi? Kwa hiyo swali la mita ya Namanga inasomwa na nani, kila baada ya dakika ngapi, na data inaenda kwa nani kwa wakati mmoja, ni kubwa kuliko hotuba zote za uzinduzi. Nimeona watu wazima wakibishana siku mbili nzima juu ya mita mbili zilizotofautiana kidogo tu, kila mmoja na makaratasi yake, na mwisho wakagawana tofauti nusu kwa nusu sababu hapakuwa na mtu wa tatu wa kuamua.

Halafu kuna ada ya kupitisha. Kenya hajengi laini kwa ajili ya Arusha, akikupitishia umeme lazima alipwe: waya unachakaa, upotevu upo, nafasi inajaa. Unaweza kutoza kama stempu ya barua, ada moja uende karibu au mbali. Unaweza kutoza kwa megawati na kilomita. Unaweza kuhesabu waya gani hasa zilibeba mzigo. SAPP walianza na asilimia ya thamani ya umeme, rahisi, baadae wakahamia hesabu ya megawati na kilomita baada ya kuona ile ya kwanza haina haki kwa mwenye waya mrefu. Chagua njia unayotaka, mimi sina ugomvi, ila iwe moja, iandikwe, itangazwe, na itumike kwa wote. Kama kila nchi inajipangia ada kwa siri kwenye kila mkataba, umeme unaotoka bwawani kwa bei nzuri utafika kwako umeshakatwa na kila aliyesimama njiani. Kenya ananunua kwa Ethiopia kwa senti za dola 6.5 kwa uniti, mkataba wa miaka 25, megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza halafu 400. Bei nzuri. Lakini jumlisha ada ya kupitisha, jumlisha upotevu, jumlisha gharama ya TANESCO kukusambazia mtaani, jumlisha kodi. Na kesho sisi tukiwa daraja la kwenda Zambia tutakuwa ndo tunatoza, kwa hiyo kanuni tunayoidai leo kwa Mkenya ndo itakayotuhukumu kesho. Ndo maana nasema iwe ya haki pande zote.

Kitu kingine kinachoninyima usingizi ni mikataba ya lipa utumie usitumie. Watanzania wa umri wangu wakisikia kapasiti chaji wanakumbuka IPTL, mkataba wa 1995, mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, mashine zikilala bili inaamka. Kenya nao wana la kwao, mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari 2017 lakini laini ya kuuleta umeme Suswa ikaisha 2018, kwa hiyo wakalipishwa umeme ambao haukufika hata nyumba moja. Sasa fikiria kosa la aina hiyo kwenye mkataba wa nchi tatu. Laini ya Kenya ikiwa kwenye matengenezo mwezi mzima, Ethiopia anasema mimi nilikuwa tayari nilipe, Kenya anasema matengenezo ni lazima, nani anabeba? Kama mkataba haujasema, atabeba mnunuzi, na mnunuzi ana wateja, na mteja ni wewe.

Na kuna hatari ya kuanguka pamoja. Kwenye chumba cha gridi ukutani kuna namba moja ambayo hutoi jicho, hatzi 50. Mitambo yote iliyounganishwa inazunguka kwa mdundo huo mmoja, kama watu wanaotwanga kinu kimoja kwa michi mitatu. Mmoja akiacha ghafla wengine wanaelemewa, namba inateremka, 49.8, 49.5, na kila mtu chumbani ananyamaza. Ikizidi kushuka mitambo inajikata yenyewe isije ikaharibika, na ikijikata ndo unaongeza shida. Tarehe 6 Septemba 2024 Kenya laini ya Loiyangalani iliyokuwa imebeba megawati 288 za Turkana ilikatika pale Suswa, ikafuatia laini ya Ethiopia, jumla zikapotea megawati 488 kwa mara moja, sehemu kubwa ya nchi ikaingia giza. Kwa mfumo wetu megawati 488 ni pigo zito mno. Kwa hiyo kabla ya kusherehekea kuunganishwa lazima kila nchi iweke akiba inayozunguka, mitambo iliyo macho tayari kupandisha ndani ya sekunde, na akiba inagharimu. Nchi itakayokwepa kuweka ya kwake na kutegemea ya jirani inatakiwa ilipe faini. Nani anatoza hiyo faini? Unaona tunarudi pale pale, kwa mdhibiti mwenye meno.

Sasa bei yako. Sitakudanganya. Kwa muda mfupi umeme wa nje ukipunguza ule upotevu, TANESCO inapumua, ila bei ya uniti haishuki yenyewe, inabadilishwa EWURA ikipitisha. Utakachokiona kwanza ni volti nzuri, mota haiguni tena, friza haikwami usiku. Hiyo kwa biashara yako ni hela. Kwa muda mrefu kuna jambo lazima tuliseme wazi: soko likifunguka kweli kweli, mwenye umeme wa bei chini anaweza kujikuta analipa bei ya jirani yake. Waulize Wanorwei. Walifungua soko lao kwa sheria ya 1990, 1996 wakaungana na Sweden wakawa na soko la kwanza duniani la nchi zaidi ya moja, Finland na Denmark zikafuata, na kwa miaka mingi watu walifaidi. Halafu wakavuta nyaya za baharini mpaka Ujerumani na Uingereza, megawati 1,400 kila moja. Gesi ilipopanda bei Ulaya 2021 na 2022, kusini mwa Norwei bei ikapaa ilhali kaskazini mwa nchi hiyo hiyo ilibaki chini, serikali ikabidi ibebe sehemu ya bili za majumbani. Ugomvi ukaendelea mpaka Januari 2025 chama kimoja kikatoka serikalini kwa sababu ya kanuni za nishati za Ulaya. Nchi tajiri, yenye maji tele, yenye wadhibiti wa kuaminika, na bado. Mimi bado nataka tufungue, ila nataka ile faida ya kuuza nje iwe na maelezo yake kisheria: mapato ya kuuza umeme wa Rufiji yanaenda wapi, ni kiasi gani kinarudi kupunguza bei ya mteja wa ndani, hasa yule wa uniti chache anayelipa shilingi 100.

Kuhusu kuchagua muuzaji kama laini ya simu. Ulaya walianza na viwanda vikubwa mwishoni mwa miaka ya tisini, majumbani ikawafikia wote Julai 2007, na kabla ya hapo walitenganisha kwanza mwenye waya na muuza umeme. Huwezi kuwa na ushindani wakati mwenye barabara ndo mwenye basi, basi la mwenzie atalisimamisha kila kona. Uganda walilivunja shirika lao vipande vitatu, uzalishaji, usafirishaji na usambazaji, toka 2001. Kenya walitenga uzalishaji miaka ya tisini, wakaanzisha kampuni ya usafirishaji 2008, na sheria yao ya nishati ya 2019 ikafungua mlango wa ushindani kwenye usambazaji. Sisi tulikuwa na mpango wa mageuzi wa 2014 uliosema TANESCO itagawanywa hatua kwa hatua mpaka 2025, haukutekelezwa hivyo. Wapo wanaosema bora, na hoja yao naielewa, shirika dogo dogo tatu zenye madeni sio bora kuliko moja lenye madeni. Lakini angalau kitengo cha usafirishaji kiwe na vitabu vyake vya hesabu peke yake, ili tujue kusafirisha uniti moja kutoka Chalinze mpaka Arusha ni shilingi ngapi. Bila namba hiyo hatuwezi hata kumtoza Mzambia sawasawa. Kwa ukubwa wa mashine yako, kuchagua muuzaji usikutegemee karibuni. Watakaoanza ni migodi, saruji na wenzao, na hapo mdhibiti awe macho, wakubwa wakiondoka na umeme wa bei chini gharama za nguzo na transfoma zisibaki kwa wadogo.

EWURA wanapoombwa kubadili bei huwa wanaita watu kutoa maoni, na lipo baraza la kuwatetea watumiaji wa huduma hizi. Mkutano ukija Arusha nenda, funga mashine nusu siku. Usiulize habari za uzalendo, utajibiwa kwa uzalendo. Uliza hivi: umeme wa Ethiopia ukifika Namanga ni shilingi ngapi kwa uniti, na kati ya hizo ada ya kupitisha Kenya ni ngapi na imehesabiwaje. Umeme huo usipokuja mwezi mzima tunalipa au hatulipi. Na mita ya mpakani inasomwa na nani.